Vyura wanne, ripoti moja ya kinyesi: nani apewe dawa?

Mfugaji aliyeniletea ripoti hii alikuwa ameshaamua, alitaka tu nimpimie dozi. Ripoti ilisema kinyesi cha vyura wake kina lava wa minyoo, yaani minyoo wachanga, mayai ya minyoo wembamba wa jamii ya oksiurida, protozoa (viumbe wa seli moja) wenye mijeledi "wengi" na opalina, protozoa wa aina nyingine, "wengi". Chini kabisa ilipendekeza vyura wote wanne wapewe fenbendazoli na ivermektini, ambazo ni dawa za minyoo, pamoja na metronidazoli ya protozoa. "Daktari, si bora tuwape wote tu, tujue tumemaliza?" aliniuliza. Nilimwelewa. Mtu anayewapenda wanyama wake akisoma maneno kama hayo usingizi humruka. Hata hivyo ripoti ile haikuwa imejibu hata swali moja kati ya yale niliyohitaji kuyajibu kabla ya kufungua chupa ya dawa, nami nikamwomba tuvute subira kidogo.

Wote wanne ni vyura wa mitini wa White, Litoria caerulea, aina ya asili ya Australia na Guinea Mpya iliyoelezwa na John White mwaka 1790. Akitunzwa vizuri, chura huyu huishi miaka 15 hadi 20. Umri huo nautaja makusudi, kwa sababu katika maisha marefu kiasi hicho kinyesi chake kitapimwa mara nyingi, na karibu kila mara kitaonekana kitu kinachotembea. Tukimmezesha dawa kila kinapoonekana, dawa zenyewe zitamchosha kuliko vimelea.

Watatu kati yao, majike wawili na dume mmoja, walikuwa wamekaa pamoja miaka kadhaa katika tangi la kioo lenye mimea hai na udongo wa makumbi ya nazi. Wa nne, dume mwembamba, alikuwa na wiki tano tu pale nyumbani. Australia hairuhusu vyura wake wa asili walio hai wauzwe nje kibiashara, kwa hiyo vyura wa aina hii wanaokamatwa porini na kuingia sokoni hutoka zaidi upande wa Indonesia, na huyu alikuwa mmoja wao. Alikaa peke yake siku chache kisha akaingizwa kwa wenzake, akionekana mzima.

Jambo moja mfugaji huyu alilifanya ambalo wengi hawalifanyi: alikuwa na mizani ya gramu na daftari. Jike mkubwa alikuwa na gramu 71, jike wa pili 58, dume wa zamani 44, na hao watatu hawakuwa wamebadilika kwa miezi. Dume mgeni aliingia na gramu 29. Siku aliyoletwa kwangu alikuwa na 26, na mfugaji aliniapia kwamba anakula, kwa kuwa humlisha kwa kibano na humwona akimeza. Kupungua uzito kwa sehemu moja ya kumi huku mnyama anakula ndiyo habari kubwa ya kisa hiki, na haikuwemo kwenye ripoti ya maabara. Ilikuwa kwenye daftari.

Sampuli ilikuwa na kasoro

Nilimuuliza kinyesi kilichopelekwa maabara kilitoka kwa nani. Hakujua. Alikikuta asubuhi juu ya udongo, akakiokota pamoja na makumbi kidogo, akakiweka kwenye kopo. Huenda kilikuwa cha usiku ule, huenda kilikuwa cha juzi.

Hapo kuna matatizo mawili. La kwanza ni wazi: vyura wanne, kinyesi kimoja, na pendekezo la kuwatibu wote. La pili ndilo linalowapotosha hata watu wenye hadubini nzuri. Udongo wenye unyevu umejaa minyoo wadogo wasiomhusu chura hata kidogo, wanaokula bakteria na vitu vinavyooza. Kinyesi kikikaa juu ya udongo huo hata usiku mmoja, wao huingia kula. Anayekipima anaona minyoo wadogo wanaojinyonganyonga na anaandika "lava wa minyoo", naye hajadanganya, ila hao si lazima wawe wametoka tumboni mwa chura.

Tukaanza upya. Kila chura aliwekwa peke yake kwenye chombo cha plastiki chenye matundu, karatasi nyeupe za jikoni zilizoloweshwa maji yasiyo na klorini, bakuli la maji na kipande cha bomba cha kupandia. Kinyesi kilikusanywa saa chache baada ya kutoka na kuletwa kabla hakijakauka. Nilikipima kwa njia mbili. Kwanza nilikichanganya na maji ya chumvi ya asilimia 0.6 na kukiangalia moja kwa moja, kwa kuwa protozoa hutambulika vizuri wakiwa hai na wanatembea, na maji matupu huwapasua. Kisha nikatumia myeyusho mzito unaoyaelesha mayai juu. Kwa kila chura tulirudia kwa sampuli za siku tofauti, maana minyoo hawatoi mayai kila siku kwa kiwango kilekile, na sampuli moja safi haimsafishi mnyama.

Majibu yalikuwa tofauti kabisa na yale ya mwanzo. Majike wote wawili hawakuwa na lava katika sampuli yoyote. Dume wa zamani alikuwa nao wachache: niliwaona katika sampuli moja, katika nyingine sikuwaona. Dume mgeni alikuwa nao kila sampuli, tena wengi, karibu kila nilipousogeza uwanja wa hadubini. Protozoa walikuwa kwa wote. Mayai ya oksiurida yalikuwa kwa watatu.

Vitu viwili vya kuachwa

Nianze na mayai ya oksiurida kwa kuwa yalikwisha haraka. Nyenje na mende wana minyoo wao wa jamii hiyo hiyo. Chura akimla nyenje, mayai ya minyoo wa nyenje hupita tumboni mwake na kutoka upande wa pili bila kumfanya lolote. Nilimwomba mfugaji awalishe vyura nyungunyungu pekee kwa muda, bila mdudu mwingine, kisha tukapima tena. Mayai yalitoweka kwa wote watatu bila tone la dawa. Jaribio hilo linawezekana kwa mfugaji yeyote, na nashangaa linavyosahaulika.

Opalina na wenye mijeledi nao niliwaacha. Opalina hana hata mdomo. Hufyonza chakula kupitia ngozi yake akiwa kwenye utumbo wa nyuma wa chura, na vyura wengi wazima wanaye. Wengi wa wenye mijeledi huishi humo humo vilevile. Neno "wengi" kwenye ripoti halina uzito mpaka liungane na dalili: kinyesi cha majimaji kisichokoma, kamasi, damu, mnyama anayekonda bila sababu nyingine. Zaidi ya hapo, idadi ya protozoa hupanda pale chura anapodhoofika kwa jambo jingine, kwa hiyo kuwaona wengi mara nyingi ni sababu ya kulitafuta hilo jambo jingine. Kama ningeona amiba wa jenasi Entamoeba pamoja na kinyesi chenye damu, ningefikiri tofauti, kwa kuwa baadhi yao huharibu utumbo kweli. Sikuona. Metronidazoli ingewaua protozoa pamoja na bakteria wengi wa kawaida wa utumbo, na vyura watatu wanene wasio na dalili wangebaki na matumbo yaliyovurugika ili karatasi ya maabara isomeke vizuri.

Dume mgeni

Huyu sikuwa na shaka kwamba atatibiwa. Lililobaki lilikuwa nini kitangulie.

Chura anayekonda hukonda kwa sababu nyingi, na minyoo wakionekana macho hufumbwa kwa nyingine zote. Kwanza tuliangalia makazi. Tangi lilikuwa na nyuzi 21 mchana. Vyura hawa wanahitaji takriban 24 hadi 29 mchana na kushuka kidogo usiku. Katika ubaridi wanakula lakini hawasagi chakula inavyopasa, na kinga yao inalegea. Kwa hiyo joto lilirekebishwa kwa wote kabla ya dawa yoyote. Pili, nilimpangusa ngozi ya tumbo na ya mapaja kwa pamba kupima kuvu wa kitridi, Batrachochytrium dendrobatidis, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1999 na ambaye amefuta aina kadhaa za vyura duniani. Chura aliyetoka porini na kuwekwa na wengine bila kipimo hiki ni hatari kubwa kuliko minyoo yeyote. Jibu lilikuwa hasi. Tatu, niliangalia kinywa na ulimi. Katika ute wa kinywani niliona mayai yenye lava ndani yake, na hapo picha ikakamilika.

Lava wa Rhabdias na wa Strongyloides, jenasi mbili za minyoo wa vyura, wanafanana mno kwenye kinyesi, ila minyoo wazazi wanakaa mahali tofauti. Wa Strongyloides hukaa ukutani mwa utumbo. Wa Rhabdias hukaa mapafuni na kunyonya damu. Mayai yao hupanda na ute hadi kinywani, humezwa, huangua njiani, na lava hutoka na kinyesi. Nje, kwenye udongo wenye unyevu, hukua mpaka hatua ya kuambukiza, kisha humwingia chura kwa kutoboa ngozi. Hakuna konokono wala mdudu wa kati anayehitajika. Porini chura huacha kinyesi hapa na kulala kule, na hukutana na lava wachache tu. Ndani ya tangi anakaa usiku baada ya usiku juu ya lava wake mwenyewe, na minyoo kumi wanaweza kuwa mia bila kuongezwa mgeni yeyote. Ndiyo maana mnyoo aliyevumilika msituni anaua kwenye kioo.

Dawa niliyoichagua ni fenbendazoli kwa mdomo. Kiwango kinachotumika sana kwa vyura ni miligramu 50 hadi 100 kwa kilo ya uzito, na kurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Nilianza na 50. Mnyama alikuwa amekonda, na mapafu yaliyojaa minyoo waliokufa wote kwa mara moja yanaweza kuvimba kuliko yalivyokuwa na minyoo hai. Tena dawa za kundi hili, ingawa zinahesabiwa kuwa za upole, zimewahi kudhoofisha uboho kwa ndege na wanyama watambaao zilipozidishwa.

Hesabu yenyewe naiandika kwa sababu ndipo watu wanapoua vyura nyumbani. Gramu 26 kwa miligramu 50 kwa kilo ni miligramu 1.3. Dawa ya maji ya asilimia 10 ina miligramu 100 katika kila mililita, hivyo dozi ni mililita 0.013, kiasi ambacho hakuna sindano ya kawaida inayoweza kukipima. Anayekisia kwa tone moja, ambalo ni karibu mililita 0.05, ametoa dozi mara nne. Tuliizimua mara kumi, tukatikisa vizuri, tukampa mililita 0.13 kwa sindano ya mililita moja, taratibu, mdomo ukifunguliwa kwa kadi laini ya plastiki iliyoloweshwa, na mikono ndani ya glavu zilizosuuzwa zisizo na unga.

Ivermektini niliikataa. Kwa vyura nafasi kati ya dozi inayotibu na inayopoozesha ni ndogo, na hapakuwa na haja yake. Levamisoli, dawa nyingine ya minyoo, ningeikumbuka kama chura angekataa kabisa kufunguliwa mdomo, kwa kuwa hupita kwenye ngozi, ila nayo ikizidi humlegeza mnyama mwili mzima, akashindwa hata kuinua kichwa majini.

Kinyesi cha siku chache baada ya dozi ya kwanza kilikuwa na lava wengi bado, na mfugaji alinipigia simu kwa hofu. Nilimsihi asiongeze dozi. Baada ya dozi ya pili idadi ilishuka, na sampuli zilizochukuliwa kuanzia wiki mbili baadaye hazikuwa na lava. Uzito ulisimama kwanza kwenye 26, kisha ukaanza kupanda. Alipofika 31 mifupa ya nyonga haikuonekana tena.

Dume wa zamani

Yeye ndiye aliyenipa kazi, na ndiye sababu ya kukiandika kisa hiki. Gramu 44, uzito haujayumba, anaruka, anakula, anabadilisha ngozi kama kawaida. Lava wachache. Karibu hakika aliwapata kwa mgeni katika wiki zile za pamoja, lakini inawezekana pia alikuwa nao miaka yote.

Wapo madaktari ambao wangemtibu palepale: mnyoo wa mapafu ni mnyoo wa mapafu. Wapo ambao wangemwacha: mnyama mzima asiguswe. Mimi naona wote wawili wanauliza habari za chura na kusahau kuuliza habari za sakafu yake. Madhara ya Rhabdias hufuata idadi ya minyoo, na idadi, kwa chura mmoja aliyefungiwa, huamuliwa na lava wangapi wanapata nafasi ya kumrudia. Kwenye karatasi inayobadilishwa kila siku na bakuli linalosuguliwa kila siku, lava hawapati muda wa kufikia hatua ya kutoboa ngozi. Kwa hiyo katika chombo kile cha karatasi niliamua asipewe dawa. Apimwe uzito kila wiki, kinyesi kila baada ya wiki mbili, joto likiwa sawa, na tuone mwili wake wenyewe unafanya nini.

Wiki sita baadaye hesabu ilikuwa ileile: lava mmoja mmoja, sampuli moja wapo, nyingine hawapo. Uzito gramu 45. Kama angeishi hivyo milele, ningefunga faili. Mfugaji, kwa haki kabisa, hakutaka aishi kwenye plastiki na karatasi milele. Alitaka kumrudisha kwenye mimea pamoja na majike wawili wasio na lava.

Hapo uamuzi wangu ukageuka, na chura alikuwa yuleyule na hesabu ni ileile. Katika udongo wenye unyevu na mimea hai hakuna anayeweza kuondoa kila kinyesi. Lava wachache wa leo wangekuwa mtaji wa tangi zima, na majike wangeingia kwenye mzunguko wasioutaka. Tulimpa fenbendazoli kwa kiwango kilekile, miligramu 2.3 kila mara, mara mbili kwa tofauti ya siku 14. Nilikuwa na starehe ya kumtibu mnyama mnene mwenye nguvu na minyoo wachache, jambo lililo salama kuliko kumsubiri akonde. Sampuli tatu zilizofuata, za wiki tofauti, zilikuwa safi.

Majike hawakupewa kitu. Walipimwa tena mwanzoni na mwishoni mwa kipindi hicho, kwa kuwa minyoo waliomwingia chura karibuni hawajaanza kutaga na hawaonekani kwa hadubini yoyote. Wote wawili walibaki bila lava. Nilitoa agizo moja tu juu ya jike mkubwa: mikunjo ya mafuta iliyomwangukia juu ya macho ilionyesha analishwa kupita kiasi, basi apunguziwe chakula. Kama kuna tiba aliyoihitaji mwaka ule, ilikuwa hiyo.

Tangi

Mfugaji alitarajia kwamba vyura wakishapona watarudi kwenye tangi lao. Nilimwambia tangi lenyewe ni mgonjwa wa tano. Udongo wote ulitupwa, pamoja na mimea iliyokuwa na mizizi ndani yake. Hiyo ilimuuma, alikuwa ameilea kwa mikono yake. Vipande vya mbao vilichemshwa, kimoja kilichokuwa kinene mno kikatupwa. Kioo kilioshwa kwa maji ya moto sana, kikakaushwa, kikaachwa kikavu kabisa kwa wiki kadhaa, kwa sababu lava hawa hawawezi kustahimili ukavu. Dawa za kusafishia sakafu sikuzishauri: lava wengi huzivumilia kuliko chura anavyovumilia mabaki yake.

Udongo mpya na mimea mipya viliingia baada ya majibu ya mwisho. Waliorudi kwanza ni majike na dume wa zamani. Dume mgeni alibaki peke yake hadi alipotimiza siku 90 tangu dozi ya mwisho, akiwa na kinyesi safi na kipimo cha pili cha kitridi kilicho hasi, ndipo akafunguliwa. Kwa sasa kinyesi cha kila chura kinapimwa mara mbili kwa mwaka, kila kimoja peke yake na kikiwa kibichi, kutoka kwenye karatasi, na uzito unaandikwa daftarini kila wiki mbili. Tumekubaliana kwamba dawa itafikiriwa tena uzito ukishuka kwa sehemu moja ya kumi, au lava wakionekana katika sampuli mbili mfululizo za chura yuleyule. Protozoa watahesabiwa, wataandikwa, na wataachwa.